Daftari la Nyevu, Mwenye Duka la Kunakili

Niulizeni mimi, msiwaulize wao.
Miaka kumi na moja nanakili vyeti hapa Barani,
shilingi tano ukurasa, ishirini ukitaka rangi,
na hakuna msomi wa Malindi aliyekwenda chuo
ambaye jina lake halikulala juu ya kioo hiki,
kifudifudi.

Mama Shebwana asema wa serikali ndio vichwa:
"Kule huingii kwa mfuko, waingia kwa A."
Bi Somoe, mwenye binti chuo cha binafsi,
chenye ukuta mweupe na maktaba isiyozima taa,
hujibu huku akifungua pochi:
"Kule kwenu darasa moja watu mia sita,
mwalimu hamumjui uso, mwamjua kisogo."
Hubishana wakingoja pini.
Mimi nabana, sisemi.

Lakini niliandika.
Daftari la mistari, kurasa mia mbili:
safu ya kwanza alama, ya pili chuo,
ya tatu aliomba vipi,
ya nne deni alilipa?
Nikajiambia, mwaka wa tatu nitajumlisha
nikate mzizi wa maneno ya hawa wanawake.

Basi sikieni.
Wa serikali: A ya kutoa, A ya kutoa, B ya kujumlisha, A kavu.
Wa binafsi: A kavu kwa ufadhili, C kwa nguvu za baba,
B, B, na A ya kutoa aliyekataa uhandisi wa serikali
kwa kuwa migomo ilimla kaka yake miaka miwili.
Kahindi wa Ganda, hesabu hazijamshinda tangu azaliwe,
alisahau cheti chake halisi mashineni mara tatu.
Rukia wa Bi Somoe aliona nimekosea tarehe
kwenye barua isiyokuwa yake,
akanirekebisha kwa sauti ya chini,
kisha akaondoka na kalamu yangu.
Mmoja wa serikali alinipigia mluzi kama aitaye punda.
Mmoja wa binafsi alidai risiti ya shilingi kumi na tano.
Nilijumlisha mara mbili.
Alama: serikali yashinda, upana wa ukucha.
Madeni: sare.
Adabu: yategemea kama siku hiyo mtu amekula.

Sasa Ijumaa moja stima zikapotea saa tisa
na fomu za basari zafungwa saa kumi na moja.
Kahindi yuko kizingitini. Rukia naye yuko.
Fomu ile ile. Kila mmoja ameweka kiganja
juu ya mstari wa mapato ya mzazi.
Mimi nilishaiona mistari hiyo asubuhi:
imepishana shilingi mia tatu.
Kumbe ile pochi, Bi Somoe!
Kumbe hata bangili sijaziona tangu Mfungo Mosi.
Hawakusemezana. Feni imesimama,
jasho langu ladondokea A za watu.

Stima zikarudi saa kumi na dakika arubaini.
Aliyekuwa mbele kwenye foleni ni Dama,
yule akaangaye mahamri karibu na kituo cha mafuta.
Hakuja kunakili.
Alitaka kulamineti barua ya kuitwa chuo,
ya miaka minne nyuma,
mende wameshaanza kula pembe.
Kahindi akatazama saa.
Rukia akatazama saa.
Wakampisha.

Plastiki ilipita taratibu, ikanuka moto,
ikatoka na mhuri wa chuo uking'aa kama jana.
Aliipepea kidogo ipoe, akaitia kwenye kanga.

Usiku nikafungua daftari.
Alama: A ya kutoa.
Chuo: nikaacha wazi.
Aliomba vipi: "Dada, tafadhali usiipinde."
Deni: hana.
Alilipa papo hapo, sarafu zina unga,
na unga ule umebaki kwenye ukurasa.